Kijiji Ndiyo Bajeti: Kushuti Vichekesho vya Siasa za Kijijini Bavaria kwa Fedha Kidogo

Wengi wanaotaka kutengeneza filamu ya vichekesho ya kijijini Ujerumani kwa fedha kidogo huanza kwa kupunguza. Wanapunguza taa, siku za kushuti na watu, mpaka inabaki filamu ya watu wawili wanaobishana jikoni. Sisi tunaofanya kazi hii Bavaria, kusini mwa nchi, tunaanza na swali jingine: kijiji hiki kina nini ambacho mjini ungelazimika kukikodi? Kina baa yenye ukumbi na meza za mbao nzito, gari la zimamoto linalong'aa, matrekta, bendi ya matarumbeta yenye sare zake, na kanisa. Tena kina baraza la kijiji lenye sheria zake. Sheria hizo ni hadithi iliyokwisha kuandikwa nusu, na hailipiwi hata senti.

Habari ya fedha tuimalize mapema. Tangu Januari 2026 kima cha chini cha mshahara Ujerumani ni euro 13.90 kwa saa. Siku ya saa 10, ambayo ndiyo ukomo wa kawaida wa sheria ya saa za kazi, ni euro 139 kwa mtu kabla ya michango ya mwajiri. Kikosi cha watu 12 kwa siku 20 kinakula euro 33,360, na hapo hujamlipa mwigizaji hata mmoja. Chakula cha watu 20 kwa siku hizo 20, ukiweka euro 15 kwa kichwa, ni 6,000. Ukisikia mtu anajisifu kwamba filamu yake haikuwa na bajeti, ujue kuna waliofanya kazi bila malipo. Karatasi ya "utalipwa filamu ikiuzwa" haifuti kima cha chini kwa mwajiriwa, hata kama ameitia saini kwa hiari yake. Sheria hiyo hiyo inataka mtu apumzike saa 11 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ukimaliza kushuti saa nane usiku, usipange kuanza tena kabla ya saa saba mchana. Ratiba nyingi za filamu ndogo huvunjikia hapo, siku ya tatu au ya nne.

Turudi kwenye baraza, maana humo ndimo kicheko kinamotoka.

Chagua kijiji cha wakazi wasiozidi 1,000. Sababu ni hesabu tu. Kwa sheria ya Bavaria kijiji cha ukubwa huo kina madiwani 8. Meya (hata wa kijiji wanamwita meya) huchaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa miaka 6, naye ni mjumbe mwenye kura. Jumla ni 9. Wakazi wakizidi 1,000 madiwani wanakuwa 12, na ukiwa na kamera mbili na siku moja ya kushuti, mtazamaji hawezi kuwatofautisha watu 13 mezani. Hata mhariri wako hawezi.

Sasa tazama sheria zenyewe. Bavaria diwani haruhusiwi kusema hana upande: kila aliyemo ukumbini sharti apige kura ya ndiyo au ya hapana. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Mjumbe ambaye uamuzi unaweza kumletea yeye au ndugu yake wa karibu faida au hasara ya moja kwa moja hashiriki mjadala wala kura, na shemeji anahesabiwa humo. Wanaoamua kama mtu ana maslahi ni wajumbe wenzake, yeye mwenyewe akiwa pembeni. Weka sheria hizo tatu kwenye kijiji ambacho nusu ya watu wameoleana, kisha weka jambo la kupigania.

Jambo lililo tayari kabisa ni mtambo wa umeme wa upepo. Mwaka 2014 Bavaria ilianza kudai mtambo uwe mbali na makazi kwa mara kumi ya urefu wake. Mtambo wa mita 200 ukahitaji kilomita 2 kutoka nyumba za watu. Sheria hiyo ililegezwa kuanzia 2022, kwa hiyo hadithi iweke katikati ya miaka hiyo. Chukua ramani, chora duara la kilomita 2 kuzunguka kila kijiji cha jirani, uone kinachobaki: pengine pembe moja tu ya shamba. Shamba hilo mpe shemeji wa meya. Meya anatoka mezani na kiti kinashikwa na naibu wake. Wamebaki 8. Wanne wanataka kodi ya ardhi na umeme, wanne hawataki kuharibiwa mandhari. Nne kwa nne, hoja inaanguka. Mmoja wa wapinzani akibanwa na haja ndogo wakati naibu anaita kura, wanabaki 7 na mtambo unapita kwa nne dhidi ya tatu. Bia aliyokunywa mzee kabla ya kikao imeamua mustakabali wa kijiji, na hakuna sheria iliyopindishwa.

Waandishi wa mjini hukosea hapa. Wanamwandika diwani mwoga anayejitoa kwenye kura, au meya anayeamua peke yake kama chifu, na watazamaji wa Bavaria wanajua papo hapo kwamba mwandishi hajawahi kuhudhuria kikao. Tena sheria si moja nchi nzima. Jimbo la jirani la Baden-Württemberg, kwa mfano, humchagua meya kwa miaka 8. Ukihamisha hadithi jimbo, soma upya sheria ya serikali za mitaa ya huko kabla hujagusa skripti.

Dawa ni rahisi. Vikao vya baraza ni vya wazi, na saa, mahali na ajenda hutangazwa. Nenda ukae nyuma na daftari. Kurekodi kunahitaji ruhusa, kusikiliza hakuhitaji. Utasikia maombi ya kujenga banda, kinyesi cha mbwa njiani, taa ya barabarani inayomwangazia mtu chumbani, paa la jengo la zimamoto. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji popote pale ataitambua ile hali ya ajenda ndefu kupita kimyakimya halafu vita kulipuka kwenye "mengineyo". Halafu wananchi huondolewa ili wajumbe wazungumzie mambo ya siri, kama ununuzi wa ardhi. Hicho nacho ni kichekesho cha bure, kwa sababu siri hiyo hufika baa kabla ya madiwani wenyewe.

Kushuti sini ya kikao cha baraza kunataka nidhamu kuliko vifaa. Panga meza kwa umbo la U, naibu au meya kwenye kichwa, mwandishi wa kumbukumbu pembeni yake, na vibao vya majina mbele ya kila mjumbe. Kamera zote mbili zikae upande mmoja wa mstari unaomuunganisha meya na mpinzani wake mkuu. Ukiuvuka, watu walioketi wakitazamana wataonekana kama wanatazama upande mmoja. Anza na shoti pana ya sini yote mara mbili au tatu, mpaka mikono ya kupiga kura iwe imekaa sawa, ndipo uingie kwenye nyuso.

Kosa linaloua sini hizi ni idadi ya mikono. Kwenye shoti pana mkono wa mtu uko juu, kwenye shoti ya karibu uko mezani, na hoja iliyoshindwa kwa nne dhidi ya nne inaonekana imepita kwa tano. Mtazamaji wa kawaida hahesabu, lakini anahisi kuna kitu hakijakaa, na kicheko kinachelewa. Tengeneza karatasi moja: majina tisa kushoto, hoja juu, na kwenye kila kisanduku ndiyo, hapana au yuko nje. Anayeshika mwendelezo, yaani anayehakikisha shoti zinalingana, awe nayo mkononi, na nakala ibandikwe chini ya meza mbele ya kila mwigizaji. Kisha, kabla hujabadilisha lenzi, rekodi mikono peke yake ikipanda na kushuka kwa kila hoja, bila maneno, sekunde kumi kila moja. Vipande hivyo vinaokoa uhariri kuliko shoti yoyote ya kupendeza.

Mezani weka maji ya chupa. Bia iache kwa sini za baa, na huko nako ina mashaka yake: povu hukaa dakika chache tu, na kimo cha glasi hubadilika kila mara shoti inaporudiwa. Tumia bia isiyo na kilevi, awepo mtu mmoja wa kujaza, na alama ndogo ya penseli iwe kwenye glasi, na povu likilala tia chembe za chumvi, litaamka. Ukiwapa waigizaji wasio na uzoefu bia ya kweli, kufikia mchana huna filamu.

Sauti ya baa ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Kila baa ya kijijini ina jokofu la bia, chumba cha baridi cha nyama, mashine ya barafu na feni ya jikoni. Zima vyote kwa muda wa shoti, kwa ruhusa ya mwenye baa, na fundi wa sauti aweke funguo za gari lake ndani ya jokofu alilozima. Hataondoka bila kuliwasha tena. Nyama ya Jumapili ikiharibika, umempoteza mwenye baa, na ukimpoteza huyo kijiji kizima kinakufungia milango. Umeme pia upime: mstari mmoja wa ampea 16 kwa volti 230 hubeba wati 3,680, na kwenye nyumba za zamani soketi za ukumbi na mashine ya kahawa huwa kwenye fyuzi moja. Taa za LED tatu au nne zinatosha. Ukishuti fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inaofunguka kwa kila fremu) ya sekunde 1/50, taa za zamani za mirija ukumbini hazitapepesa.

Nje, adui ni kalenda. Kengele za kanisa hulia kila robo saa, na kwa kirefu zaidi mchana na jioni. Maneno muhimu yaanzishwe mara tu kengele inaponyamaza, ubaki na dakika kumi na kitu za utulivu. Hali ya hewa ikikauka siku tatu mfululizo, wakulima wote hukata majani ya ng'ombe kwa pamoja, na matrekta hukesha. Hakuna barua ya meya itakayowazuia, wala usiiombe. Siku hizo shuti ndani. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri na tena jioni, kwa hiyo mkulima uliyempa maneno mawili hutampata saa hizo. Alhamisi ya pili ya Septemba, saa tano asubuhi, ving'ora hulia nchi nzima kwa majaribio ya tahadhari. Usipange mazishi siku hiyo, isipokuwa unataka king'ora kilie katikati ya sala, na hilo si wazo baya.

Usiku wa kiangazi ni mfupi. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu na robo usiku, giza la kweli huja baada ya saa nne, na saa nne hiyo hiyo ndiyo utulivu wa usiku unapoanza mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Jenereta na watu wa kupiga kelele uwanjani kwa wakati huo vinahitaji ruhusa. Sini za usiku zipeleke Oktoba, au ufunike madirisha kwa kitambaa cheusi ushuti ndani mchana.

Kuna sini ambazo hupaswi kuzijenga mwenyewe. Nguzo ya Mei ni mojawapo. Ni mti mzima wa mita 30 hivi, unaosimamishwa tarehe 1 Mei kwa mikono na miti mirefu iliyofungwa jozi jozi, na vijiji vingi huuacha miaka kadhaa kabla ya kuweka mpya. Ulizia ni kijiji gani kitasimamisha mwaka huo, omba nafasi, weka kamera tatu, waingize waigizaji wako kati ya wasukumaji. Utapata mara moja tu. Kabla ya siku hiyo kuna desturi ya vijana wa kijiji jirani kuiba nguzo, na desturi hiyo ina kanuni zake: hakuna ugomvi wala kuukata mti, mlinzi akiwahi kuugusa kabla haujavuka mpaka wa kijiji wezi wanaacha, na ukishavuka hurudishwa kwa fidia ya bia na chakula. Mazungumzo ya fidia kati ya mameya wawili wanaochukiana kwa sababu ya barabara ya mchepuko ni dakika nane za filamu zisizohitaji taa yoyote ya ziada.

Uchaguzi nao una mlango wake wa siri. Mgombea umeya akiwa mmoja tu, mpiga kura wa Bavaria anaruhusiwa kuandika kwa mkono jina la mtu mwingine anayestahili. Mtu anaweza kupata kura nyingi hajasimama popote. Ukitaka wananchi walipindue baraza bila kungoja uchaguzi, ipo kura ya maoni ya kijiji, iliyoingia kwenye sheria za Bavaria mwaka 1995. Penye wapiga kura 800 zinahitajika saini 80 kuiitisha, na upande unaoshinda uwe na kura zisizopungua 160. Namba ndogo namna hiyo unaweza kuzionyesha nyumba kwa nyumba. Vyama vya kitaifa viache nje: vijijini orodha nyingi ni za makundi ya wapiga kura wa hapo hapo, na jina la kubuni la kundi halitamkasirisha mtu.

Kuhusu ruhusa, mwone meya kwanza, lakini usiishie kwake. Kamanda wa zimamoto wa kujitolea, mwenye baa na padri kila mmoja ana nguvu ambayo meya hana. Kufunga barabara kubwa ni idara ya usafiri ya wilaya, na hapo barua hukaa wiki kadhaa. Gari la zimamoto ukipewa, liegeshe pua ikielekea njiani, bila kebo wala stendi mbele yake, na uandike skripti ukijua linaweza kuondoka katikati ya shoti pamoja na nusu ya waigizaji wako. Sare za polisi zifunikwe kwa koti kila mtu anapotoka kwenye seti. Mwigizaji aliyevaa sare dukani akinunua sigara anaweza kushtakiwa, na mtu wa kijijini hatanii na hilo.

Watoto wana saa zao na lazima uombe kibali mapema: wa miaka 3 hadi 6, saa 2 kwa siku, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, wenye zaidi ya 6, saa 3, mpaka saa nne usiku. Panga sini za mtoto zifuatane, kwani muda wa kumngoja nao unaliwa.

Wanakijiji wakubwa usiwaambie waigize. Wape kazi ya mikono wanayoijua: kupasua kuni, kumimina bia, kukunja bendera ya chama cha walenga shabaha. Kisha uwape maneno mawili ya kusema wakifanya kazi hiyo. Akisahau neno lako akatia lake, liache. Kila mmoja atie saini ya ridhaa ya picha yake asubuhi, kabla kamera haijawashwa. Jioni ameshakwenda zizini.

Lahaja usiilainishe. Mwongozaji akiwaambia wazee wa Bavaria waseme Kijerumani sanifu ili watu wa Hamburg, kaskazini, waelewe, sura zao hukakamaa na kichekesho kinakufa. Mwaka 2006 filamu ya Marcus H. Rosenmüller, Wer früher stirbt ist länger tot, ilizungumza Kibavaria tangu mwanzo mpaka mwisho na watazamaji zaidi ya milioni moja wakaenda kuiona. Kwa hiyo lahaja haizuii soko. Kinachozuia ni sauti mbovu, maana lahaja isiyosikika vizuri haieleweki hata na jirani.

Muziki wa bendi una mtego. Polka ikisikika ya zamani, haina maana haki zake zimekwisha: kazi hulindwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, na mpangilio mpya wa wimbo wa kale una haki zake wenyewe. Mwombe kiongozi wa bendi atunge machi fupi, akuandikie karatasi ya ruhusa, mrekodi jengo la zimamoto likiwa halina magari.

Kabla hujafunga uhariri, onyesha filamu kijijini. Benchi za bia hukaa watu watano, kwa hiyo watu 100 ni benchi 20. Ukumbi wa magari ya zimamoto una mwangwi mkali, basi tundika mablanketi ukuta wa nyuma na upunguze besi. Kiangazi usianze kabla ya giza kuingia. Kaa pembeni ukiwatazama wao, si skrini, uandike wanapocheka na wanapogeukiana kunong'ona. Wakinong'ona, mara nyingi kuna kosa la ukweli: kofia ya kijiji kingine, diwani aliyekaa kiti kisicho chake, trekta isiyovuta mzigo ule. Mengine yanazibwa kwa kukata au kwa kurekodi sauti upya. Manukuu ya Kijerumani sanifu kwa watazamaji wa kaskazini yafanywe baada ya hapo, na mtu wa kijijini akae na mfasiri. Mstari usizidi herufi 40 hivi, na tusi la kienyeji libaki tusi.